Kutazama tamthilia ya runinga kabla haijarushwa na kuzungumza na waigizaji, Kampala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa milangoni, kwenye simu na kwenye vikundi vya WhatsApp vya wasemaji wa Kiswahili walioko Kampala: wanafunzi wa Kansanga, wafanyabiashara wa Kikuubo, Wakongo wa Katwe na Nsambya, Wanubi wenye kwao Bombo. Wengi wao ni wapenzi wakubwa wa tamthilia za Uganda, lakini hawajawahi kukanyaga kwenye onyesho la awali kwa kudhani ni mambo ya wakubwa. Si mambo ya wakubwa. Kiti chako kipo, na maiki itakufikia ukijua namna ya kuiomba.

## Mambo ya msingi

Onyesho la awali ni nini?

Ni pale tamthilia mpya inapoonyeshwa ukumbini kabla runinga haijaanza kuirusha. Mara nyingi utatazama episodi moja au mbili, kisha waigizaji na mwongozaji wanapanda jukwaani, pamoja na mwandishi wa skripti akipatikana, na watu wanawauliza maswali.

Episodi iliyopangiwa nusu saa hewani, ukiondoa matangazo ya biashara, hubaki na dakika 24 hivi. Kwa hiyo usishangae mazungumzo yakichukua muda mrefu kuliko picha yenyewe. Hicho ndicho kiini cha jioni nzima.

Je, ni sawa na uzinduzi wa zulia jekundu?

Hapana, ingawa mabango huchanganya. Uzinduzi ni sherehe: nguo, kamera, hotuba za wadhamini, na picha huonyeshwa mwishoni watu wakiwa wamechoka. Onyesho la awali ni kikao cha kutazama na kuzungumza. Ukipata mialiko ya yote mawili na una nafasi ya kwenda kumoja tu, nenda kwenye onyesho la awali.

Wanapata faida gani kuonyesha bure kitu ambacho kitarushwa tu?

Kituo cha runinga kinataka gumzo lianze mapema. Hilo liko wazi. Kwa waandishi na mwongozaji kuna sababu nzito zaidi. Tamthilia inayorushwa siku tano kwa wiki kwa mwaka mzima inahitaji episodi 260. Hakuna anayemaliza kuziandika zote ndipo aanze kurusha. Siku episodi ya kwanza inapoonekana, za mbele bado ziko mezani, na mhusika aliyewekwa apite wiki mbili anaweza kuongezewa miezi kwa sababu watu wamempenda. Kwa chaneli kama Pearl Magic Prime, iliyoanza 2021 na inayolisha watazamaji tamthilia za hapa nyumbani usiku hadi usiku, hayo ni maisha ya kila siku.

Mtazamaji wa sebuleni akichoka hubadilisha chaneli, na mwandishi hajui amechokea wapi. Ukumbini anajua. Anasikia watu wakicheka pale alipotaka walie. Anaona nusu ya ukumbi wakiinamia simu zao wakati wa mazungumzo marefu ya wazazi wawili. Ukikaa pale na kutazama kwa moyo, unamfanyia kazi ambayo hakuna mtu mwingine anayeweza kumfanyia, na ndiyo maana tunawahimiza wasemaji wa Kiswahili waende. Tuko wengi mjini hapa, tunalipia ving'amuzi kama wengine, na waandishi wanatusikia kwa nadra mno.

Hufanyika wapi?

Mengi hufanyika Kampala. Ukumbi wa Taifa ulioko barabara ya De Winton, karibu na Bunge, ni wa siku nyingi; ulifunguliwa 1959, na bado hutumika kwa maonyesho ya jukwaani na ya picha. Kumbi za sinema zilizo ndani ya maduka makubwa hupendwa kwa sababu ya skrini na sauti. Vituo vya utamaduni na vyuo pia hukaribisha, na huko ndiko mazungumzo huwa marefu na matulivu, pengine kwa sababu hakuna filamu nyingine inayosubiri ukumbi.

Sijui Kiganda vizuri. Nitaelewa?

Utaelewa kiasi cha kutosha. Tamthilia nyingi za hapa huchanganya Kiganda na Kiingereza ndani ya sentensi moja, na zile zinazolenga watazamaji wa nje ya Buganda huwekewa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini. Kaa katikati ya ukumbi au nyuma kidogo: ukiwa safu ya mbele kabisa macho hayawahi kusoma na kutazama sura kwa pamoja, na ukiwa pembeni vichwa vya watu vitakufichia maandishi. Kuhusu kuuliza kwa Kiswahili, tumelijibu chini ya Kipindi cha maswali.

## Mwaliko na tiketi

Nitajuaje kuna onyesho?

Fuata kurasa za chaneli, za kampuni inayotengeneza tamthilia, na hasa za waigizaji wenyewe. Waigizaji hutangaza siku chache tu kabla, kwa sababu nao huambiwa kwa kuchelewa. Mabango ya barabarani hutangaza siku ya kurushwa, si onyesho la awali.

Kuna kiingilio?

Mara nyingi ni bure kwa mwaliko au kwa kujiandikisha jina. Pakiwa na kiingilio hutajwa kwenye tangazo, na malipo huwa kwa MoMo, Airtel Money au mlangoni.

Nimejiandikisha na nikathibitishiwa, lakini nikaambiwa ukumbi umejaa. Inawezekanaje?

Maonyesho ya bure huandikisha watu zaidi ya viti, kwa kuwa wengi wanaojiandikisha hawatokei. Siku wakitokea wote, wa mwisho hubaki nje. Inauma, hasa kwa aliyetoka Mukono au Entebbe, na tungependa waandaaji walieleze jambo hili wazi kwenye mwaliko. Mpaka wafanye hivyo, kinga yako ni kuwahi: fika nusu saa kabla ya muda ulioandikwa.

Naweza kuja na rafiki ambaye hakujiandikisha?

Muulize mwandaaji kwa ujumbe kabla ya siku yenyewe. Ukimleta hivi hivi mlangoni, mtu wa orodha atalazimika kuchagua kati ya rafiki yako na mtu aliyejiandikisha wiki nzima iliyopita.

Kuna mtu ananiomba nitume pesa ili nikae karibu na waigizaji, au nipewe nafasi ya kuigiza. Nitume?

Usitume. Kiti cha karibu na mwigizaji hakiuzwi kwa ujumbe wa faragha, na nafasi ya kuigiza haipatikani kwa kulipia. Watu hawa hupenda siku za maonyesho kwa sababu majina ya waigizaji yako midomoni mwa kila mtu. Piga picha ya ujumbe, mtumie mwandaaji kupitia ukurasa wake wenyewe, kisha mzuie huyo mtu.

## Kufika

Mwaliko umeandika 6:30. Ni saa ngapi hiyo?

Ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Mialiko huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo namba zake hufuata saa ya Kiingereza. Kiganda huhesabu saa kama Kiswahili, ndiyo maana dereva wa boda akisema „ssaawa kkumi na bbiri” mtaelewana bila shida. Waliotoka juzi Goma, Bukavu au Bunia wakumbuke kuwa Kampala iko mbele kwa saa moja: simu ambayo haijabadilisha majira itakuchelewesha saa nzima.

Na kweli wanaanza kwa wakati?

Kumbi za sinema hujitahidi, maana zina filamu nyingine baadaye na muda wa kukodi ukumbi ukiisha umeisha. Kwingine tegemea kuchelewa. Lakini usiufanye uchelewaji wao kuwa ratiba yako: taa zikishazimwa, wengine hawafungui mlango tena.

Nifikeje, na nirudije?

Kwenda ni rahisi kuliko kurudi. Kutoka maegesho ya taksi ya katikati ya mji unaweza kutembea hadi De Winton. Kwa Kisementi, mwambie dereva „Kisementi” tu, jina rasmi la barabara, John Babiiha, litamchanganya hata aliyezaliwa hapo, kwa sababu watu wameendelea kuiita Acacia. Ijumaa jioni foleni ya Jinja Road haina huruma, kwa hiyo toka mapema.

Kurudi ndiko kunakotaka mpango. Mazungumzo yakinoga hufika saa tatu na nusu usiku, wakati taksi za kwenda pembezoni zimepungua. Kubalianeni watu watatu au wanne wa upande mmoja mkodi spesho pamoja, au tumia boda ya programu ya simu ambayo safari yake inarekodiwa. Wanaokaa mbali hutoka kabla ya swali la mwisho, na hakuna anayewalaumu.

Kwa nini mlangoni wanapekua mifuko hivyo?

Tangu mabomu ya Julai 11, 2010 yalipoua watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia hapa Kampala, pale Kyadondo na Kabalagala, ukaguzi kwenye mikusanyiko ya burudani umekuwa jambo la kawaida. Wapo wanaoingia ukumbini wakiwa na ndugu waliompoteza siku ile. Fungua mfuko wako, msalimie askari, pita. Begi kubwa la mgongoni afadhali liachwe nyumbani.

Nivae nini?

Nguo safi unayoweza kukalia saa tatu. Beba sweta, viyoyozi vya kumbi za sinema vina baridi kali.

Watoto wanaruhusiwa?

Inategemea tamthilia. Baraza la Habari la Uganda ndilo linalopanga filamu kwa umri, na episodi ya kwanza ya tamthilia ya watu wazima huwekewa kwa makusudi tukio la kushtua. Soma mwaliko, na kama haukutaja umri, uliza. Mtoto mchanga anayenyonya hukubaliwa karibu kila mahali. Omba kiti cha mwisho wa safu ili uweze kutoka akilia.

## Ndani ya ukumbi

Kwa nini kuna namba zinazokimbia kwenye kona ya picha?

Kwa sababu unatazama nakala ya kazi, ambayo bado haijamaliza kusafishwa. Namba hizo ni anwani ya kila picha. Ukiona 10:07:42:18, soma hivi: dakika ya 7, sekunde ya 42, fremu (yaani picha moja tuli) ya 18. Hiyo 10 ya mwanzo ni desturi ya mafundi ya kuanzia kuhesabu, haina maana kuwa picha imekwenda saa kumi. Jozi ya mwisho ndiyo inayokimbia hata macho hayaiwahi: runinga ya hapa kwetu hutumia fremu 25 kwa sekunde, basi inatoka 00 hadi 24 na kuanza upya.

Wengi huona namba hizo kama kero, lakini kwa mtazamaji makini ni zawadi. Ukiona jambo unalotaka kuliuliza, andika dakika na sekunde kwenye karatasi. Ukisimama baadaye na kusema „dakika ya saba, pale mama anapofungua geti”, mwongozaji atajua papo hapo unazungumzia nini, na jibu lake halitakuwa la juu juu.

Nakala hiyo hiyo inaweza kuwa na jina la chaneli limelala katikati ya skrini, rangi zisizolingana kati ya picha moja na nyingine, au muziki wa muda. Hakuna haja ya kuyauliza. Yanajulikana na yanashughulikiwa.

Naweza kucheka na kupiga kelele kama kwenye kibanda cha video?

Kucheka, kushtuka, kuguna, kupiga makofi: ndiyo, tena kwa moyo. Watu wa jukwaani wamekuja kuvisikia hivyo. Uganda ina utamaduni wake wa kutazama kwa sauti. Vibandani VJ husimulia juu ya filamu, hutafsiri na kutia chumvi, na watazamaji humjibu. Wakenya waliokulia kwa DJ Afro watajihisi nyumbani. Hatutaki mtu auache utamaduni huo mlangoni.

Ila hapa VJ hayupo. Ukianza kumsimulia jirani kila tukio, maneno ya mwigizaji yanapotea, na hiki ndicho kikao pekee ambapo maneno hayo yanasikika kwa mara ya kwanza. Mtafsirie mwenzako sentensi moja sikioni pale alipopotea, kisha nyamaza.

Simu?

Zima mlio na punguza mwanga. Baadhi ya maonyesho huzifunga simu kwenye bahasha mlangoni na kukupa namba; ukisubiri simu ya dharura, mwambie mhudumu mapema, atakukalisha karibu na mlango.

## Kipindi cha maswali

Mazungumzo yanaendaje?

Mshereheshaji huwatambulisha walio jukwaani na kuwauliza maswali machache yeye mwenyewe ili kupasha moto. Kisha maiki huzunguka. Wanaopata nafasi huwa wachache kuliko mikono iliyoinuliwa, kwa hiyo inua mkono mara tu anapofungua ukumbi. Kipindi cha mwanzo watu huona haya, na mwenye kuthubutu ndiye anayepewa. Subiri maiki hata kama una sauti ya muezini, kwa sababu mazungumzo mara nyingi hurekodiwa na bila maiki swali lako halitaingia.

Naweza kuuliza kwa Kiswahili?

Ndiyo, na tunatamani wengi wafanye hivyo. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Waigizaji wengi vijana wanakielewa, na wapo wanaofanya kazi Nairobi na Dar es Salaam.

Hata hivyo fahamu unaongea na nani. Kwa baadhi ya wazee wa Kampala, Kiswahili kinawakumbusha sauti za askari vizuizini katika miaka migumu, na mguno utakaousikia ukianza kuongea una historia yake. Anza na salamu ya hapa. Sema „Mugyebaleko”, hongereni kwa kazi, kwa watu waliotoka kufanya kazi miezi mingi, hakuna salamu inayofaa zaidi. Kisha uliza kwa Kiswahili cha polepole, sentensi mbili. Mshereheshaji akitaka kutafsiri, mpe nafasi. Tumeona ukumbi mzima ukilainika kwa neno hilo moja.

Swali zuri ni lipi?

Ni lile linaloonyesha kuwa umetazama. „Ulijisikiaje kucheza nafasi hii?” huulizwa kila mahali, na mwigizaji ana jibu lake la mfukoni ambalo ameshalitoa redioni asubuhi. Mlinganishe na huyu anayeuliza: „Pale dada mkubwa anapohesabu pesa za mabugo (rambirambi) na mkono unatetemeka kwenye noti ya mwisho, uliamua mwenyewe au uliongozwa?” Hapo mwigizaji hugeuka kumtazama mwongozaji, wanacheka, na siri ya siku ile ya upigaji picha inatoka. Pengine mkono ulitetemeka kweli kwa sababu ilikuwa alfajiri na hawajala. Pengine noti zilikuwa za kuazima. Huwezi kuipata habari hiyo mahali pengine popote.

Maswali ya kazi huzaa sana. Matukio ya tamthilia hayapigwi kwa mfuatano wa hadithi: yote ya jikoni yanaweza kupigwa siku moja, ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa sita wa hadithi kwa pamoja, ili kuokoa kukodi nyumba. Muulize mwigizaji amewezaje kulia msiba ambao kwenye ratiba ulikuwa haujapigwa. Muulize mtu wa nywele amewezaje kulinda misuko ile ile kwa wiki nane, maana mwigizaji akisuka upya Jumamosi, Jumatatu mhusika ataingia mlangoni na kichwa kimoja na kutokea chumbani na kingine. Muulize mwandishi ni mhusika gani alikataa kumuua. Na ukimwona mtu wa sauti ameketi pembeni jukwaani, muulize lolote. Hakuna anayemuuliza kamwe, naye ndiye aliyepambana na jogoo, adhana, kengele ya kanisa na boda za nje kwa wakati mmoja.

Swali moja tu. „Nina maswali matatu” ni njia ya haraka ya kunyang'anywa maiki.

Ni maswali yapi nisiulize?

Mshahara wa mtu, ndoa yake, dini yake, na mume wake anasemaje kuhusu tukio la kitandani. Hili la mwisho huulizwa wanawake tu, kila mara, na kila mara ukumbi hucheka wakati yeye anatafuta pa kuweka macho. Ukitaka kuelewa matukio hayo, muulize mwongozaji yalivyopangwa: nani alikuwa ndani ya chumba, walikubaliana nini kabla kamera haijawashwa. Hilo ni swali la haki na lina majibu ya kufundisha.

Nimuiteje mwigizaji?

Kwa jina lake, si la mhusika. Wanaocheza watu wabaya hutukanwa sokoni na kwenye taksi kwa sababu watu wamesahau mpaka huo. Ukumbini angalau wapumzike. Aliyekuzidi umri mwite Mzee au Mama, au kwa Kiganda „ssebo” na „nnyabo”. Wa rika lako, kaka au dada.

Kama sikuipenda, niseme?

Sema. Onyesho la awali linaloishia kwenye pongezi tupu ni hasara kwa waliokuja kujifunza. Lakini taja mahali. „Ni mbovu” haimsaidii mtu, „sikuamini kwamba binti yule angeacha shule kwa barua moja” inamsaidia mwandishi usiku ule ule. Hasa tamthilia ikiwaonyesha Wakongo, Wanubi, Wasomali au Watanzania kwa namna isiyo ya kweli, lafudhi ya kuchekesha au kazi moja ile ile kila siku, simama uwaeleze jinsi wanaoonyeshwa hivyo wanavyoliona. Mwandishi mwenye nia njema atakutafuta baada ya kikao.

Kwa nini hawasemi mwisho utakuwaje?

Mikataba yao inawafunga, na mara nyingi wenyewe hawajui (tazama swali kuhusu faida ya kuonyesha bure).

Mwigizaji niliyemfuata hakuja.

Hutokea. Tamthilia nyingine inapiga picha, au mvua imeharibu ratiba ya mchana na upigaji umesogea usiku. Tiketi ya kulipia huwa hairudishwi kwa sababu hiyo pekee.

Naweza kuomba kazi au kumpa skripti yangu?

Usifanye hivyo kwenye maiki. Baada ya kikao unaweza kujitambulisha kwa ufupi na kuuliza usaili hutangazwa wapi. Skripti usimpe mtu mkononi: wengi wataikataa kwa adabu, na si dharau. Wanaogopa kuja kusemwa wameiba (soma swali la mwisho la ukurasa huu).

## Picha na mitandao

Naweza kupiga picha?

Jukwaani, waigizaji wakiongea: kwa kawaida ndiyo, bila mwanga. Skrini ikiwa inaonyesha: hapana, hata sekunde tano. Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inamlinda mwenye kazi, na hapa mjini kipande kilichorekodiwa hakikawii kufika kwenye maktaba za filamu ambako watu hujaziwa flashi. Tamthilia ikiuzwa kwenye flashi kabla ya siku yake ya kwanza, kinachopotea ni mishahara ya episodi zijazo.

Selfi na waigizaji?

Omba kwanza, moja, na usimshike kiuno. Wakisindikizwa haraka nje, waache waende.

Naweza kusimulia nilichoona?

Simulia hisia zako, maigizo, muziki, mavazi. Usimwage mtama: nani anakufa, nani ni baba wa nani. Kwa waandishi wa habari kuna tarehe ya kuruhusiwa kuchapisha, huandikwa kwenye mwaliko wao, na anayeivunja hukosa mwaliko unaofuata.

Sitaki sura yangu ionekane kwenye video yao.

Mwambie mhudumu unapoingia, akukalishe nje ya kamera. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakupa haki ya kulalamikia matumizi ya taarifa zako, lakini njia ya haraka ni kulisema mapema. Wakimbizi wengi huwa na sababu nzito za kutotaka kuonekana, na waandaaji wanaojali hawaulizi kwa nini.

## Hali za pekee

Umeme ukikatika?

Kumbi kubwa zina jenereta. Ngoja dakika chache. Projekta huhitaji muda wa kupoa na kuwaka tena, kwa hiyo picha huchelewa kurudi kuliko taa. Mara nyingine mwongozaji hutumia giza hilo kuanza mazungumzo kabla ya wakati, na huwa mazuri ajabu.

Natumia kiti cha magurudumu. Nitaingia?

Kumbi za maduka makubwa zina lifti. Majengo ya zamani yana ngazi. Piga simu uulize mambo matatu: mlango wa usawa wa ardhi, choo, na nafasi ya kiti isiyo safu ya mbele kabisa.

Kuna mkalimani wa lugha ya alama?

Akiombwa mapema, mara nyingine ndiyo. Katiba ya 1995 inataja kuendelezwa kwa lugha ya alama, kwa hiyo ombi lako si la upendeleo. Omba wiki moja kabla, na omba pia mkalimani akae kwenye mwanga wakati wa maswali.

Sina kitambulisho cha taifa.

Pasi, kitambulisho cha chuo, au kadi ya mkimbizi inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu kwa kawaida hukubaliwa. Kinachotakiwa ni jina lilingane na la kwenye orodha.

Episodi iliyorushwa si ile niliyoiona ukumbini.

Ndivyo ilivyo. Imepunguzwa, imewekewa muziki wa kudumu, au tukio limeondolewa ili lifae muda wa kurushwa. Pengine ni kwa sababu ya mtu aliyesimama siku ile na kusema hakuliamini.

Nimeona maisha yangu kwenye tamthilia. Nifanye nini?

Usiliseme kwa hasira kwenye maiki, hata kama moyo unawaka. Kwanza tenganisha mambo mawili. Sheria ya Hakimiliki ya 2006 hailindi wazo: msichana wa kijijini aliyedhulumiwa urithi na wajomba ni hadithi ya nyumba nyingi, na mtu yeyote anaweza kuiandika. Inalinda namna wazo lilivyoandikwa. Kwa hiyo kama uliwahi kuandika skripti au hadithi, ukampa mtu, na sasa unasikia mazungumzo yako yenyewe kwa mpangilio wako, tafuta ushahidi: barua pepe uliyotuma, tarehe, nakala ya kwanza. Uuweke pamoja na orodha ya dakika na sekunde ulizoziona kwenye kona ya skrini, kisha umwone wakili kabla hujaandika lolote mtandaoni.

Na kama hukuandika chochote, ila unajua kuwa mwandishi ni jirani au ndugu na amechukua msiba wa nyumbani kwenu pamoja na majina ya watu, mwendee faraghani baada ya kikao, au mtume mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili. Episodi bado ziko mezani. Jina la mhusika, kijiji na kazi ya baba vinaweza kubadilishwa kabla ya kurushwa, na hubadilishwa.